Flashi yangu imemharibu mtoto wa watu jicho?

Asalaam aleikum Bi Mkubwa,

Natumai u mzima. Mimi ni mpiga picha hapa Amu (Lamu), mwanamke, na kazi zangu nyingi ni harusi za wanawake watupu, zile simu zote zaachwa mlangoni na mtu pekee anaeingia na kamera ni mimi manake wananijua na wanajua picha hazitoki nje. Kazi naipenda na alhamdulillahi inanilisha, hasa ile miezi ya kabla ya Ramadhani harusi zinapofuatana. Sasa nimeingia kwenye jambo silali.

Kulikuwa na kupamba Mkomani, nyumba ya kale, zile dari za boriti nyeusi. Kwa wasiojua, kwenye nyumba hizo flashi ukiigeuza juu haikurudishii kitu, mwanga wote unamezwa na boriti, kwa hivyo sina budi kupiga moja kwa moja usoni. Dadake bi harusi alikuwa na mtoto wake wa miezi tisa, amevishwa kanzu ndogo, kapakwa wanja mzuri, akaniambia mpige karibu nataka kope zake zionekane. Nikachukua lenzi ya 50 nikamsogelea, hata mita haikufika, nikampiga nyingi tu. Mtoto akawa anapepesa macho halafu anacheka, hakulia hata kidogo.

Miezi ikapita. Juzi juzi naskia ati jicho la kushoto la yule mtoto linakwenda upande, makengeza. Nyanya yake kashika bango kuwa ni flashi, na kuna mtu kamtumia kwenye wasap ile stori ya mtoto wa China aliyepofuka kwa kupigwa picha karibu, basi ndo ikawa ushahidi. Nimekutana nae njiani Langoni mbele za watu akanambia wewe ndiwe umemuulia mato (macho) mwana wetu. Nliona aibu nikatamani ardhi ipasuke. Bado nawadai nusu ya pesa ya harusi na sasa wanasema hawalipi mpaka nichangie matibabu, na matibabu yenyewe hata hospitali hawajaenda, wanamtia maziwa ya mama machoni na kusubiri.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki, na sijamwambia mtu hata mume wangu. Nilifungua hard disk nitafute picha za kujitetea, nione kama kuna inayoonyesha jicho lilikuwa sawa. Nikakuta picha kadhaa ambazo jicho la kulia ni jekundu vile tunavyojua flashi inafanya, lakini la kushoto mboni ni nyeupe inayoelekea njano. Zengine za usiku ule ule macho yote mawili ni mekundu. Zile nilizowapa wao hazionyeshi kitu manake kijana anaenisaidia kuhariri alizisafisha, nyekundu akaitoa na hio nyeupe akaipaka nyeusi kwa brashi akidhani ni mng'ao tu. Nimeketi na hizo picha mbele yangu moyo unaenda mbio, nasema hapa ndo nilipomchoma, hii ndo ile sekunde yenyewe.

Nataka kujua kweli, flashi karibu na jicho inaweza kuua jicho la mtoto? Hizi picha nizifute? Manake zikionekana mimi nimekwisha hapa mjini. Na nikiendelea na kazi niache kutumia flashi kabisa?

Mpiga picha, Langoni

*

Wa aleikum salaam mdogo wangu,

Naanza na swali lako la katikati manake hilo ndo haliwezi kusubiri. Usifute hata picha moja. Na usingoje Ijumaa wala mtu wa kukupatanisha na nyanya, leo hii hizo picha zifike kwa mama wa mtoto, zile asili kabla kijana wako hajazigusa, na mtoto aonekane na daktari wa macho wiki hii. Soma mpaka mwisho lakini ukiwa na haraka hilo ndo jibu.

Sasa vuta pumzi. Flashi yako haikumtia mtoto weupe ule, na makengeza pia hayakuletwa na flashi. Mimi kabla ya kukaa kuandika hapa nilikuwa muuguzi kliniki ya macho Malindi miaka mingi, na wazazi wanaokuja na mtoto wakitaja flashi niliwaona, na kila mara tulikuta flashi imesingiziwa. Kama kuna kitu ndani ya lile jicho basi kilikuwa kimo kabla hujabonyeza. Wewe umekimulika tu kikaonekana, na nna hakika hakuna mtu mwengine kwenye ile nyumba aliyekiona, hata mamake anaemnyonyesha kila siku uso kwa uso, manake kwa mwanga wa kawaida mboni mara nyingi huonekana nyeusi tu.

Jicho jekundu kwenye picha ndilo jicho zima, watu hawajui hili, wanadhani ni kasoro. Mboni ni tundu, na nyuma kabisa ya jicho kuna utando unaoitwa retina, na nyuma yake kumejaa mishipa ya damu. Flashi ikiwa karibu na lenzi na ukapiga moja kwa moja kama ulivyopiga wewe, mwanga unaingia kwenye tundu unagonga ile damu unarudi mwekundu hadi kwenye kamera. (Punda wetu wao picha za usiku macho yanatoka kijani au buluu, manake wao wana utando wa ziada unaorudisha mwanga, sisi hatuna.) Kwa hivyo mtoto akitoka jekundu kwa jekundu unashukuru Mungu. Likitoka moja jekundu na la pili jeupe, hapo lazima ujue ni kwa nini.

Na sababu ziko nyengine nyepesi na nyengine nzito. Nyepesi kabisa ni kuwa mtoto alikuwa anaangalia pembeni kidogo kuelekea puani, mwanga ukapiga pale mshipa mkuu wa jicho unapoingilia nyuma, na pale pana rangi hafifu, basi picha ikatoka nyeupe na mtoto hana kitu. Hio inatokea sana na huenda ndo maana picha zako zengine za usiku ule ni sawa, lakini usije ukajituliza na hilo, kwa sababu hata penye ugonjwa picha zinachanganyika hivyo hivyo, moja jeupe moja jekundu, kulingana na mtoto ameelekea wapi. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na wako watoto wanaozaliwa nao usidhani ni wa wazee tu. Inaweza kuwa jicho moja linahitaji miwani mikali na hakuna aliyejua. Na inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto, retinoblastoma, na hii ndo inayonifanya nikuharakishe hivi.

Sitaki ukimbie na hilo neno mtaani. Ni ugonjwa wa nadra, takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa, na karibu wote wanaougua ni chini ya miaka mitano. Lakini dalili yake ya kwanza inayojulikana dunia nzima ni hio mboni kutoka nyeupe, na ya pili ni makengeza, na huyu mtoto kwa maelezo yako anazo zote mbili upande mmoja, wa kushoto na wa kushoto. Hapo mimi siwezi kukaa nikakwambia itakuwa kona ya kamera tu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu minne macho kupishana mara moja moja si neno, bado anajifunza kuyatuliza, lakini wa umri huu akianza makengeza mapya anaangaliwa, hata kama hakuna picha wala flashi wala nini.

Na uzuri wa huu ugonjwa, kama ugonjwa una uzuri, ni kuwa ukishikwa mapema unatibika. Nchi zenye huduma ya kutosha wanapona zaidi ya watoto 9 kati ya 10. Huku kwetu wanaopotea wengi wanapotea kwa kuchelewa, jicho limeshavimba limetokeza nje ndo wanaanza kutafuta nauli, na mwanzo walishaambiwa ni husda, ni mdudu, ni flashi. Na mimi hapo ndo nnapokasirika. Flashi ikishabebeshwa lawama kila mtu anaketi kitako, mkosaji amepatikana, kilichobaki ni kumdai pesa, na jicho linaendelea na shughuli yake.

Wazazi wengi duniani hivi ndo walivyogundua, kwenye picha ya bethdei au ya Idi, mtu akauliza mbona jicho la huyu limetoka hivi. Sasa fikiria ungefuta.

Haya, flashi yenyewe. Umeuliza kama inaweza kuua jicho na najua nyanya hatatulizwa na neno langu tu, kwa hivyo nakupa hoja za kushika mkononi.

Jicho linachomwa na mwanga kwa njia mbili tatu. Ama joto, yaani mwanga mkali umekusanyika sehemu ndogo ya retina mpaka ikapanda joto kama nyuzi 10 au zaidi ikaungua, kama leza inavyofanya. Ama muda, mwanga umeingia dakika na dakika mpaka ukaharibu zile chembe, kama anaelikodolea jua macho. Au ile miale ya urujuanimno inaunguza jicho kwa mbele, ndo wale mafundi wa welding wanaochomelea bila miwani halafu usiku wanalia wanahisi mchanga umejaa machoni. Flashi yako haina hata moja ya hayo. Inawaka sehemu ndogo mno ya sekunde, mwanga wake umetawanywa na kile kioo cha mbele, na kioo hicho kinazuia sehemu kubwa ya miale mibaya.

Halafu piga hesabu ya kazi yako mwenyewe, si unajua umbali ukikatwa nusu mwanga unakuwa mara nne. Flashi ya juu ya kamera ikipigwa kwa nguvu zote, mtu akiwa mita moja, mwanga wote unaomfika usoni ukiujumlisha hautimizi mwanga anaoupata kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu akisimama jua la mchana pale ufukweni Shela. Msogelee mpaka sentimita 30, ambapo hata lenzi yako ya 50 haikubali kufokasi, bado unacheza kwenye sekunde moja hivi ya jua la kawaida la kutembea. Watoto wa Amu wanabebwa mchana kutwa kwenye jua hilo na mashuani wanapata mng'ao kutoka majini na hakuna anaesema kapofuka. Flashi inashtua kwa sababu inakuja ghafla gizani mboni ikiwa imefunguka, unaona doa la kijani au zambarau mbele yako, hio ni ile dawa ya retina imetumika kwa mpigo na inajirudisha yenyewe, dakika mbili tatu ushasahau.

Na hili ndo mwambie nyanya kwa adabu. Kliniki za macho zina kamera ya kupiga picha ndani ya jicho, wagonjwa wa sukari wanapigwa nayo kila mwaka kuangalia retina, na kamera ile ina flashi na inasimama sentimita chache tu kutoka kwenye jicho, tena mboni mara nyingi imefunguliwa kwa dawa ili mwanga uingie zaidi. Watoto njiti waliozaliwa kabla ya wakati wanamulikwa ndani ya macho ili yaokolewe. Ingekuwa flashi yako ya mita moja inapofusha, kliniki ndo zingekuwa viwanda vya vipofu. Kitu kinachohofiwa kwa watoto ni mwanga wa masaa, ndo maana mtoto wa manjano akiwekwa chini ya ile taa ya buluu hospitali wanamfunika macho, manake pale atalala siku nzima na usiku.

Ile meseji ya mtoto wa China naijua, haifi. Ilitoka mwaka 2015, mtoto wa miezi mitatu, ikasemwa rafiki wa familia alisahau kuzima flashi akampiga kwa umbali wa sentimita 25 na jicho moja likapofuka. Magazeti ya Uingereza yakaidaka ikazunguka dunia. Madaktari wa macho wa nchi mbalimbali wakajibu wakati ule ule kuwa flashi haiwezi kufanya vile, na kinachoelekea zaidi ni kuwa lile jicho lilikuwa na tatizo tayari na picha ndo ikawafanya watu waliangalie kwa makini. Yaani ukiisoma vizuri hio stori si ya kukushtaki wewe, ni mtoto mwengine aliyesaidiwa na kamera halafu kamera ikalaumiwa. Lakini majibu ya madaktari hayafowadiwi, kinachofowadiwa ni msiba.

Sasa utamwambiaje mamake. Usipitie kwa nyanya, usiende na mashahidi, na tafadhali usiende na kamera begani utafukuzwa kabla ya salamu. Nenda kwa mama mwenyewe, ni wewe ulimpigia ile picha aliyoitaka. Au kama mlango umefungwa mwandikie hivi, geuza maneno uyafanye yako: "Dada, hili si la pesa wala la kujitetea. Nimepitia picha za usiku ule, nimeona jicho la kushoto la mtoto limetoka jeupe kwenye baadhi yake na la kulia jekundu. Nimeuliza mtu wa kliniki ya macho akasema inaweza kuwa si kitu lakini kwa sababu ameanza makengeza aonwe na daktari wiki hii. Nakutumia picha, umuonyeshe daktari. Nikiweza kuwasindikiza nitawasindikiza." Basi. Usieleze saratani wewe, hio si kazi yako, na usimlaumu kwa maziwa.

Kutuma zitume kama dokumenti si kama picha, wasap ikizibana rangi zinaharibika. Tuma zile nyeupe na zile nyekundu zote, daktari anataka kuona zote na tarehe zake. Na zile ulizowapa waambie zilihaririwa, manake mama akimpelekea daktari ile ya fremu ukutani ambayo mboni imepakwa nyeusi, ataona mtoto mzima.

Waanzie hospitali ya King Fahd hapo Amu, waseme wazi kwa kinywa, "mtoto ana makengeza na mboni imetoka nyeupe kwenye picha." Hayo maneno wayaseme mapokezi na wayaseme tena ndani, wasiseme tu macho yanamsumbua wakapewa tyubu ya dawa warudi nyumbani. Ikiwa hakuna wa kumwangalia jicho kwa ndani waombe rufaa ya Mombasa, Coast General, na kama huko kutaonekana kitu wataelekezwa mbele, hospitali ya Kenyatta au ya Kikuyu ambako watoto wa namna hii wanatibiwa. SHA ya familia, ile bima ya afya ya serikali, wahakikishe iko sawa kabla ya kupanda boti ya Mokowe, usumbufu wa kusajiliwa dirishani na mtoto mgongoni naujua. Watamtia matone ya kufungua mboni, atamulikwa ndani, huenda akapimwa altrasaundi ya jicho, na kwa umri wake huenda wakamlaza kwa dawa ya usingizi ili waangalie vizuri. Matone yale yanafanya mwanga umkere kwa masaa, wachukue kofia. Na ikiwa daktari ataikuta ile nzito, ndugu zake mtoto pia wataangaliwa, manake nyengine inatembea kwenye damu ya ukoo.

Kuna jambo mama anaweza kulijaribu nyumbani akingoja boti. Mtoto akiwa ametulia anaangalia kitu anachokipenda, amzibe jicho moja taratibu kwa kiganja bila kuligandamiza, halafu lengine. Mtoto akitulia ukimziba la kushoto lakini akaanza kulia na kuusukuma mkono ukimziba la kulia, basi anategemea la kulia peke yake, na hilo nalo daktari aambiwe. Akitulia kote pia aende. Sitaki kusikia mtu ameghairi safari kwa sababu ya kiganja.

Maziwa ya mama ni chakula bora kabisa, kwa mdomoni, machoni yanaleta vijidudu. Na wanja, najua nagusa pabaya hapa Amu, lakini mimi kwenye barua yako nzima kitu kilichonitia wasiwasi kwa jicho la mtoto ni wanja kuliko flashi. Wanja mwingi wa jadi umetengenezwa kwa jiwe lenye risasi, ile madini, na risasi inaingia mwilini mwa mtoto na kudhuru ubongo. Kama ni lazima apambwe apambwe kwa vilemba na asumini.

Kuhusu kuacha flashi, usiache. Kuna mambo machache tu ya kuchunga. Usiibandike flashi kwenye ngozi ya mtu ukaiwasha, hio inaunguza kweli. Mwenye kipandauso anaweza kuanzishiwa kichwa, mwambie kabla hujapiga. Mwenye kifafa cha mwanga anadhuriwa zaidi na taa za diskoteka zinazopepesa mara nyingi kwa sekunde kuliko flashi yako ya moja moja, lakini wale mnaopenda kupiga kumi mfululizo mjizuie. Mtu mwenye ualbino itamkera sana hata kama haimdhuru. Na kubwa kuliko zote kwa visiwani, usimpige nahodha wala mtu wa boda flashi ya uso usiku akiwa kazini. Jicho lililozoea giza linaweza kuchukua hata dakika 20 hadi 30 kurudi vizuri, na huo muda mashua yenu inapita kati ya boti zilizotia nanga na yeye haoni. Vile vitochi vya leza wanavyouziwa watoto Idi na siku za Maulidi, hivo ndo vya kumnyang'anya mtu, vimeshaunguza retina za watoto kweli, na havina mtu wa kuvisemea mtaani manake haviwashi mwanga wa kutisha.

Kwenye nyumba za boriti jaribu kushona kitambaa cheupe kwenye fremu, hata shuka, msaidizi akishike pembeni uigeuzie flashi huko. Sura zinatoka laini na wageni hawatakukunjia uso. Ila kwa watoto wadogo mimi nitakuomba kinyume, kila harusi mpige mtoto picha mbili tatu za flashi moja kwa moja, ule mfumo wa kamera wa kupunguza wekundu umezimwa, na kijana wako asiguse macho kwenye nakala ya asili kabla wewe hujayaangalia. Kuhariri ahariri nakala ya pili.

Sasa hizo pesa. Deni lako ni halali na kuchangia matibabu si wajibu wako, hujamdhuru mtu. Ukitaka kutoa nauli ya boti kwa moyo wako toa kama jirani, na useme ni sadaka mbele yao, isije ikahesabiwa kuwa umekiri. Nusu iliyobaki iache kwanza mpaka mtoto awe ameshaonwa, ukiitaja leo kila ulichosema kuhusu jicho kitageuka kuwa janja ya kudai. Baadae mdai yule mliyeandikiana nae kwenye simu siku ya kulipia nusu ya kwanza, sio nyanya, yeye hakukuajiri.